Kuchora ramani ya hatari ya mafuriko kwenye bonde la mto kwa GIS: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yanamlenga mtu anayejua kufungua tabaka kwenye programu ya ramani (GIS), lakini hajawahi kuifikisha kazi ya mafuriko mwisho. Maswali yana namba ili jibu moja liweze kukuelekeza kwenye jingine.

## Misingi

1. Ramani ya hatari ya mafuriko inaonyesha nini hasa?

Inaonyesha maji yanaweza kufika wapi na, data ikiruhusu, kwa kina gani, kwa kasi gani na kwa uwezekano gani kila mwaka. Haisemi nani atapata hasara. Nyanda za malisho zinazofunikwa na maji kila msimu zina hatari kubwa na hasara ndogo, wakati mtaa uliosongamana ambao maji huufikia kwa nadra unaweza kuwa kinyume chake.

Ramani ya hasara ni hatua inayofuata: unaweka juu ya ramani ya hatari tabaka za makazi, barabara, shule, zahanati na mashamba. Kosa tunaloliona mara nyingi ni kuingiza idadi ya watu kama kigezo cha hatari. Iache nje, kwa sababu haibadilishi mahali maji yanapofika.

2. Kuna njia ngapi za kuitengeneza?

Zinazotumika zaidi ni tatu. Ya kwanza ni kuunganisha vigezo vya ardhi na mvua kwa kuvipa uzito. Inafaa kwa bonde kubwa lenye data chache, na matokeo yake ni madaraja ya hatari tu, bila kina cha maji. Ya pili ni kuchora mafuriko yaliyokwisha kutokea kutoka kwenye picha za satelaiti. Ya tatu ni modeli ya haidroliki, inayokokotoa kina na kasi ya maji kwa kiasi fulani cha mtiririko.

Ushauri wetu: anza na ya kwanza kwa bonde zima ili ujue pa kutazama, tumia ya pili kuikagua, kisha peleka ya tatu kwenye maeneo machache yenye watu na miundombinu.

3. "Mafuriko ya miaka 100" maana yake yanakuja mara moja kila miaka 100?

Hapana. Maana yake kila mwaka kuna uwezekano wa asilimia 1 wa kufikia au kupita kiwango hicho, hata kama mwaka jana yalitokea. Uwezekano wa kuyaona angalau mara moja katika miaka n ni 1 − 0.99ⁿ. Kwa nyumba itakayokaa miaka 30, hiyo ni karibu asilimia 26. Kwa daraja la miaka 50 ni karibu asilimia 39. Kwenye maelezo ya ramani andika "uwezekano wa asilimia 1 kila mwaka". Watu wasio wataalamu huelewa hivyo haraka zaidi.

4. Nahitaji programu gani?

QGIS pamoja na zana za GRASS na SAGA zinatosha kwa njia ya vigezo. HEC-HMS hubadilisha mvua kuwa mtiririko, na HEC-RAS hukokotoa kina na kasi. Zote mbili ni za bure na zimetengenezwa na Kikosi cha Wahandisi wa Jeshi la Marekani. Google Earth Engine hukuepusha kupakua picha nzito za satelaiti. Folda na mafaili yako yape majina mafupi yasiyo na nafasi wala alama za pekee, kwa kuwa zana nyingi za haidrolojia hukwama hapo na kutoa ujumbe wa kosa usioeleweka.

## Data

5. Nitumie data ipi ya mwinuko?

Hili ndilo swali zito kuliko yote, maana kila kitu kingine hukaa juu ya modeli ya mwinuko, yaani DEM. Kwenye nyanda tambarare, tofauti ya mita moja ya mwinuko inaweza kusogeza ukingo wa maji kwa mamia ya mita.

Ukiweza kupata data ya laida, yaani mwinuko uliopimwa kwa miale ya leza, itumie. Vinginevyo chaguo za bure zinazotumika sana ni hizi:

- SRTM: ilikusanywa na chombo cha anga kwa siku 11 Februari 2000, pikseli ya takriban mita 30. Ni ya zamani na ina chengachenga (makosa madogo madogo ya vipimo) nyingi kwenye nyanda.
- Copernicus GLO-30: pia takriban mita 30, imetokana na rada za TanDEM-X zilizopima kati ya 2011 na 2015. Kwa maeneo mengi ni safi kuliko SRTM.
- FABDEM: ni Copernicus iliyopunguzwa urefu wa miti na majengo. Kwa kazi ya mafuriko tungeanzia hapa, ila soma masharti ya leseni kabla ya kuitumia kibiashara.

Sababu ya kujali miti ni hii: rada hupima karibu na vilele vyake, si udongo ulio chini. Msitu wa kando ya mto huonekana kwenye DEM kama tuta, na modeli itazuia maji pale ambapo kwa kweli yanapita. Ukiona mafuriko yako yanakoma ghafla kwenye mstari unaofanana kabisa na mpaka wa msitu, umelipata tatizo.

Usidanganyike na kubadili ukubwa wa pikseli. Kuigawa pikseli ya mita 30 ziwe za mita 5 hakuongezi taarifa yoyote. Kunaongeza muda wa kukokotoa na kuifanya ramani ionekane ina usahihi isiokuwa nao.

6. Mbali na mwinuko, ni data gani nyingine?

Mvua: CHIRPS ina kumbukumbu tangu 1981 kwa gridi ya nyuzi 0.05, karibu kilomita 5. Uoto na matumizi ya ardhi: ESA WorldCover ya 2021, pikseli ya mita 10. Udongo: SoilGrids. Barabara, madaraja na majengo: OpenStreetMap. Vipimo vya kina na mtiririko viombe kwa mamlaka inayosimamia maji ya bonde, na uombe pia jedwali linalobadili kina kuwa mtiririko pamoja na tarehe lililorekebishwa mara ya mwisho. Mto ukichimba au kujaza mchanga, jedwali la zamani hutoa namba za uongo.

7. Kwa nini mteremko wangu unatoka karibu nyuzi 90 kila mahali?

Kwa sababu DEM yako bado iko kwenye nyuzi za latitudo na longitudo. Programu inachukulia pikseli ina upana wa 0.00028 na mwinuko wa mita, kwa hiyo kila tofauti ndogo inakuwa genge. Badili kwanza iwe mfumo wa mita. UTM inafaa ikiwa bonde liko ndani ya kanda moja ya nyuzi 6. Likikatiza kanda mbili au zaidi, chagua mfumo mmoja unaotunza maeneo, kama Albers, na tabaka zote ziufuate.

Kagua na mambo mawili mengine. SRTM hutumia usawa wa bahari wa modeli ya EGM96 na Copernicus EGM2008, na kipokezi cha GPS kinaweza kukupa urefu juu ya elipsoidi, yaani umbo la dunia lililorahisishwa kihesabu, unaoweza kutofautiana na hizo kwa makumi ya mita. Usichanganye bila kubadili. Halafu, unapozifanya pikseli za tabaka zote ziwe na ukubwa mmoja, tumia jirani wa karibu (huchukua thamani ya pikseli iliyo karibu zaidi) kwa matumizi ya ardhi na bilinia (huchukua wastani wa majirani) kwa mwinuko na mvua. Ukikosea hapo utazaa daraja la ardhi lisilokuwepo, mfano 2.5 kati ya shamba na msitu.

## Kutoka mwinuko hadi mkondo

8. Hatua za kupata mipaka ya bonde na mito ni zipi?

1. Kata DEM ikiwa na ziada ya kilomita kadhaa nje ya bonde unalolidhania. Ukikata kwa kubana, utapoteza vyanzo.
2. Ziba mashimo, au bora zaidi toboa vizuizi. Sababu iko swali la 9.
3. Kokotoa mwelekeo wa mtiririko. D8, ambapo kila pikseli humwaga kwa jirani mmoja, inatosha kwa mipaka.
4. Kokotoa mkusanyiko wa mtiririko, yaani idadi ya pikseli zinazomwaga maji yake kupitia kila pikseli.
5. Chagua kizingiti cha mto. Pikseli ya mita 30 ni mita za mraba 900, hivyo kilomita 1 ya mraba ni pikseli 1,111. Anza na kilomita 5 za mraba, karibu pikseli 5,556, kisha linganisha na picha ya satelaiti na urekebishe.
6. Weka nukta ya kutokea maji, uivutie kwenye pikseli yenye mkusanyiko mkubwa zaidi iliyo karibu, ndipo uchore bonde.

Ukipata bonde la hekta mbili badala ya maelfu ya kilomita, nukta yako imekaa pikseli moja pembeni ya mto. Ni hatua ya 6 tu. Huna haja ya kurudi mwanzo.

9. Kwa nini mto wa kwenye DEM haupiti mto ulipo?

Mara nyingi ni daraja, tuta la barabara au kalavati. DEM huiona barabara kama ukuta, maji yanakusanyika nyuma yake, na ukiziba mashimo kwa kujaza tu, sehemu yote hiyo inageuka uwanja tambarare ambao mto huukata kwa mstari mnyoofu usio na maana. Kutobolea tuta mahali kalavati ilipo hutoa matokeo mazuri zaidi.

Kwenye nyanda pana unaweza kuchimbia mto uliochorwa kutoka kwenye picha ndani ya DEM, kwa kushusha pikseli zake mita chache. Hilo hurekebisha mwelekeo, lakini DEM iliyochimbwa hivyo isitumike kwenye modeli ya haidroliki: kina ulichokiweka ni cha kubuni na modeli itakiamini.

10. HAND ni nini, na ina faida gani kuliko mwinuko wa kawaida?

HAND ni urefu wa kila pikseli juu ya mkondo inaoumwagia maji. Mwinuko kutoka usawa wa bahari hudanganya kwenye bonde refu: kijiji cha mita 1,200 kilichopo mita 2 juu ya mto kitaonekana salama, na kilima cha mita 300 karibu na mlango wa mto kitaonekana hatarini. HAND huondoa tatizo hilo kwa kukokotoa kila mahali dhidi ya mto wake mwenyewe.

Kama una nafasi ya kigezo kimoja tu, chukua hiki. Matokeo yake hubadilika kulingana na kizingiti cha mto cha swali la 8, hivyo kiandike kwenye ripoti.

## Vigezo na uzito

11. Nichukue vigezo vingapi?

Vitano hadi saba vinatosha. Wanaofikisha kumi na mbili kwa kawaida wanahesabu jambo moja mara tatu. TWI, kielezo cha unyevu wa ardhi, hutokana na mteremko na mkusanyiko wa mtiririko. Ukiviweka vyote vitatu, mteremko umepata kura mbili. Kielezo cha kijani cha uoto na ramani ya matumizi ya ardhi nazo zinasema karibu jambo lile lile. Pima uwiano kati ya tabaka. Jozi inayopita 0.7 ibakize moja.

Seti ya kuanzia: HAND, mteremko, umbali kutoka mtoni, mvua kubwa ya siku moja, matumizi ya ardhi, na upenyaji wa maji kwenye udongo. Tumia mvua kubwa ya siku, si jumla ya mwaka. Milima yenye mvua nyingi mwaka mzima itapakwa rangi nyekundu ukitumia jumla, ilhali maji yake yanateremka na kufurika kwingine.

12. Uzito wa AHP unakokotolewaje?

AHP ni njia ya Thomas Saaty ya kulinganisha vigezo viwili viwili kwa kipimo cha 1 hadi 9. Tuchukue vitatu: HAND ina umuhimu mara 3 ya mteremko na mara 5 ya matumizi ya ardhi, mteremko ni mara 2 ya matumizi ya ardhi.

| | HAND | Mteremko | Ardhi |
|---|---|---|---|
| HAND | 1 | 3 | 5 |
| Mteremko | 1/3 | 1 | 2 |
| Ardhi | 1/5 | 1/2 | 1 |
| Jumla | 1.533 | 4.5 | 8 |

Gawa kila namba kwa jumla ya safu wima yake, kisha tafuta wastani wa kila mstari. Unapata HAND 0.648, mteremko 0.230, ardhi 0.122. Kisha kagua kama hujajipinga: CI = (λ − n)/(n − 1), ambapo n ni idadi ya vigezo na λ ni thamani kuu ya jedwali (eigenvalue); ukigawa CI kwa RI, thamani ya jedwali lililojazwa kwa bahati nasibu, unapata CR, kipimo cha kujipinga. RI ni 0.58 kwa vigezo 3, 0.90 kwa 4, 1.12 kwa 5, 1.24 kwa 6 na 1.32 kwa 7. Hapa λ ni karibu 3.004, na CR iko chini ya 0.01. Kikomo ni 0.10.

Tunasisitiza hili kwa sababu ripoti nyingi hulipotosha: CR ndogo haithibitishi kwamba ramani ni sahihi. Inaonyesha tu kwamba maoni yako yanapatana yenyewe kwa yenyewe. Mtu anaweza kukosea kwa mpangilio mzuri kabisa. Uthibitisho uko swali la 17. Pia badilisha kila uzito kwa asilimia 20 juu na chini. Eneo la daraja la juu likiruka sana, sema hivyo kwenye ripoti.

13. Nigawe madaraja vipi?

Tumia mipaka yenye maana ya kimwili pale inapowezekana, kwa mfano HAND chini ya mita 2, 2–5, 5–10, 10–20 na zaidi ya 20, kisha uilinganishe na mafuriko yaliyopita. Mgawanyo wa kiotomatiki hutegemea data ya bonde hilo pekee, kwa hiyo "hatari kubwa" ya bonde moja haiwezi kulinganishwa na ya bonde jirani. Kabla ya kujumlisha, hakiki mwelekeo wa kila tabaka: mteremko mdogo upate alama kubwa, HAND ndogo ipate alama kubwa. Tabaka moja iliyogeuzwa huharibu ramani yote kimyakimya.

## Mtiririko na modeli

14. Nitapataje mtiririko wa mafuriko ya asilimia 1?

Ukiwa na kumbukumbu za kituo cha kupimia mto, chukua kiwango cha juu cha kila mwaka na ukilinganishe na mgawanyo wa kitakwimu kama Gumbel au Log-Pearson III. Makadirio ya miaka 100 yanayotokana na kumbukumbu za miaka 15 yana shaka kubwa. Chora na kingo za shaka hiyo.

Bila kituo, geuza mvua kuwa mtiririko kwa namba ya CN, inayoeleza jinsi ardhi inavyotiririsha mvua badala ya kuinywa. Kwa milimita: S = 25400/CN − 254, na maji yanayotiririka ni (P − 0.2S)²/(P + 0.8S), ambapo P ni mvua na S ni maji ambayo ardhi inaweza kuyashika. Mvua ya milimita 100 kwenye ardhi ya CN 80 hutoa karibu milimita 50.5 za mtiririko. Ardhi ile ile ikijengwa na kufika CN 90, mvua hiyo hiyo hutoa karibu 72.6. Ndiyo maana ramani ya matumizi ya ardhi ya miaka kumi iliyopita ni tatizo halisi kwa bonde linalojengwa.

15. Modeli yangu ya HEC-RAS inafurika hata kwa mtiririko mdogo. Kwa nini?

Kwa sababu DEM haina sakafu ya mto. Rada na laida ya kawaida huishia kwenye uso wa maji, hivyo mkondo wako hauna tumbo. Pima sehemu kadhaa za mkato wa mto kwa boti au kwa fimbo, uzichonge kwenye DEM. Ukikosa kabisa, ondoa kwenye mtiririko unaouingiza kwenye modeli kiasi ambacho mto hubeba ukijaa hadi kingo, na ulieleze hilo wazi.

Kama si hivyo, angalia ukwaruzo wa Manning, yaani namba ya jinsi uso unavyopunguza kasi ya maji: karibu 0.030 kwa mkondo safi na mnyoofu, 0.035 kwa majani marefu, 0.10 na zaidi kwa vichaka na miti minene. Modeli ikitoa namba zinazoyumbayumba, punguza hatua ya muda: kwa pikseli ya mita 10 na maji ya mita 2 kwa sekunde, hatua isizidi sekunde 5. Mpaka wa chini wa modeli, pale maji yanapotokea, nao uwe mbali na eneo unalolijali.

## Kuhakiki

16. Nitachoraje mafuriko yaliyopita kwa satelaiti?

Tumia rada ya Sentinel-1, iliyoanza 2014, kwa kuwa hupenya mawingu. Chukua picha mbili za njia na mwelekeo mmoja wa obiti, kabla na wakati wa mafuriko. Tumia polaraizesheni ya VV, yaani mawimbi yanayotumwa na kupokewa yakiwa wima. Chuja chengachenga, tafuta kizingiti kwa njia ya Otsu, inayochagua yenyewe namba ya kutenganisha pikseli nyeusi na zinazong'aa, ukizingatia eneo lenye maji na nchi kavu kwa uwiano unaokaribiana, kisha ondoa maji ya kudumu kwa kutumia tabaka ya Global Surface Water. Mwisho ondoa miteremko mikali na pikseli zenye HAND kubwa, ambazo nyingi ni vivuli vya milima.

Jihadhari: maji tulivu ni meusi, lakini upepo huyachafua uso yakang'aa. Mafuriko chini ya miti, na kati ya majengo, yanaweza kung'aa kuliko nchi kavu, na kizingiti kitayakosa. Tena satelaiti hupita kwa siku zake. Maji ya mto mfupi hupanda na kushuka kwa saa chache, kwa hiyo picha safi haimaanishi hakukufurika.

17. Nitajuaje ramani yangu ni sahihi?

Usitumie asilimia ya pikseli zilizo sahihi. Kwenye bonde la kilomita za mraba 5,000 ambamo 80 zilifurika, ramani inayosema "hakuna mafuriko popote" ina usahihi wa asilimia 98.4. Tumia kipimo cha mwingiliano: eneo mlilokubaliana (ramani yako na mafuriko yaliyotokea kweli), gawa kwa jumla ya mlilokubaliana, ulilolikosa na ulilolizidisha. Mkikubaliana kilomita 62, ukakosa 18 na kuzidisha 20, unapata 0.62.

Ukitumia AUC, kipimo cha jinsi ramani inavyotenganisha palipofurika na pasipofurika, nukta za "hakuna mafuriko" usizitoe vileleni, maana huko hata ramani mbovu hupata alama. Zichukue ndani ya nyanda. Na tukio ulilotumia kurekebisha uzito lisitumike tena kuthibitisha.

Kisha nenda shambani. Alama za maji kwenye kuta, takataka zilizonasa kwenye matawi na kumbukumbu za wakazi kuhusu maji yalifika mlangoni au dirishani ni data. Zipime kwa GPS ya usahihi wa sentimita; ya simu inatosha kwa mahali, si kwa urefu.

## Hali tata

18. Mtaa wangu hufurika lakini uko mbali na mto. Mbona ramani inausema salama?

Ni mafuriko ya mvua yenyewe: maji hujaa shimoni kabla ya kufika mtoni. HAND na umbali kutoka mtoni haviwezi kuyaona. Tengeneza tabaka ya vishimo vya asili kwa kutoa DEM ya awali kwenye ile iliyozibwa, au endesha modeli ya mvua moja kwa moja juu ya gridi. Mjini, DEM ya mita 30 haifai kwa kazi hii, kwa sababu barabara nzima ni finyu kuliko pikseli.

19. Kuna bwawa au tuta la kinga juu ya mto. Nifanyeje?

Chora hali mbili, kinga ikifanya kazi na ikishindwa, kwa ramani tofauti. Ukichora ya kwanza pekee, watu watajenga nyuma ya tuta wakiamini pakavu daima. Kwa bwawa, kumbukumbu za mtiririko za kabla na baada ya ujenzi zisichanganywe kwenye hesabu ya swali la 14.

20. Na mto unaoingia baharini?

Kiwango cha maji kwenye mpaka wa chini wa modeli kifuate maji kujaa na kupwa. Jaribu kilele cha mto kikikutana na maji makuu. Mpaka wa kina kisichobadilika huifanya hatari ya kilomita za mwisho ionekane ndogo kuliko ilivyo.

21. Ramani niichapishe kwa kipimo gani, na idumu muda gani?

Data ya mita 30 haifai kuchapishwa kwa kipimo kikubwa kuliko 1:50,000, na haiwezi kuamua kiwanja kipi kiko ndani na kipi nje. Funga ukuzaji kwenye ramani ya mtandaoni, kwa sababu mtu atakuza hadi nyumba yake. Pembeni andika chanzo na mwaka wa DEM, tukio lililotumika kuhakiki, kipimo cha swali la 17, na uwezekano wa mwaka kama upo. Tumia rangi moja inayokolea, yenye madaraja yasiyozidi matano. Kijani kwa "hatari ndogo" husomwa kama kibali cha kujenga.

Irudie baada ya kila mafuriko makubwa, mto ukihama mkondo, au barabara mpya ikijengwa kukatiza nyanda. Barabara kama hiyo, ikiwa na kalavati chache, inaweza kubadilisha upande unaofurika ndani ya msimu mmoja.